Fundi wa kuchomelea na kodi: angalia kwanza karatasi uliyopewa

Dada mmoja wa Houston ametuandikia barua ndefu, nami naifupisha kwa ruhusa yake. Mumewe ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mitatu alikuwa ameajiriwa katika karakana moja kwa dola 26 kwa saa. Januari mwaka jana akahamia kwa mkandarasi mdogo aliyemwahidi dola 40 kwa saa. “Tulifurahi sana,” anaandika, “hata tukaongeza kile tunachomtumia mama nyumbani.” Sasa msimu wa kodi umefika. Mwaka mzima hakuna senti iliyokatwa, na mtu anayewajazia fomu amewaambia wanadaiwa na serikali. Halafu, kwa sauti ya chini, akawaambia kuna njia: ataandika kwamba shemeji yetu aliendesha maili 30,000 za kazi na kununua vifaa vya dola 20,000, na deni litayeyuka. Rafiki wa mumewe naye, mchomeleaji aliyeajiriwa kiwandani, anasema yeye kila mwaka huondoa buti, kofia na hata chakula cha mchana kwenye kodi, na hajawahi kuulizwa na mtu. Dada anauliza: nani anasema kweli, na ni kipi hasa tunaruhusiwa kupunguza? Mwaka huu wanataka kuomba uraia.

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutia sahihi. Wote wawili wanawapotosha, kila mmoja kwa njia yake. Rafiki anadai punguzo ambalo kisheria si lake. Mjazaji wa fomu anataka kuwapa maili ambazo hakuna gari lililoziendesha. Na kati yao yapo mapunguzo ya haki, si machache, ambayo inaonekana hakuna aliyewatajia.

Neno lenyewe hutuchanganya. Nyumbani tukisema makato tunafikiria kile ambacho mwajiri anakunyofoa kwenye mshahara kabla hujauona: mfuko wa hifadhi, bima, mkopo. Hapa tunazungumzia kinyume chake, yaani kiasi unachokiondoa wewe kwenye kipato chako kabla serikali haijakipigia hesabu ya kodi. Nitakiita punguzo. Na watu wengi hulielewa vibaya: punguzo la dola 100 halikurudishii dola 100. Linafanya dola 100 zisitozwe kodi, basi. Aliye kwenye ngazi ya asilimia 12 ameokoa dola 12 za kodi ya mapato. Kwa hiyo anayekimbilia dukani Desemba kununua kofia ya dola 400 “ili kupunguza kodi”, huku ya zamani bado nzima, anatoa 400 kuokoa kama 100 hivi. Kwa mwajiriwa, kama tutakavyoona, haokoi hata hiyo.

Karatasi mbili

Kila mwanzo wa mwaka fundi hupokea karatasi. Ikiwa ni W-2, wewe ni mwajiriwa. Ikiwa ni 1099-NEC, sheria inakutazama kama mfanyabiashara, hata kama biashara nzima ni wewe, kofia yako na pikapu yako. Kazi inaweza kuwa ile ile, moto ule ule, uwanja ule ule, lakini karibu kila jibu kuhusu punguzo linategemea ni karatasi ipi uliyo nayo mkononi. Ndiyo maana ushauri wa rafiki kazini ni wa hatari. Anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu karatasi yake, na bado akakuingiza matatani kwa yako.

Tuanze na huyo rafiki wa kiwandani mwenye W-2. Zamani mwajiriwa aliweza kupunguza gharama za kazi ambazo mwajiri hakumrudishia, zile zilizozidi asilimia 2 ya kipato chake, endapo aliorodhesha mapunguzo yake badala ya kuchukua punguzo la kawaida. Sheria ya kodi ya 2017 ilisimamisha jambo hilo kuanzia mwaka 2018, na ile sheria kubwa iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ikaufunga mlango moja kwa moja. Walimu wamebakiziwa nafasi yao. Wachomeleaji walioajiriwa hawana. Buti, glavu, kofia, ada ya chama cha wafanyakazi, mafuta ya kwenda kazini: kwenye kodi ya serikali kuu, hakuna hata kimoja. Chakula cha mchana cha kawaida hakikuwahi kuruhusiwa hata zamani. Na kwamba hajaulizwa bado, IRS kwa kawaida ina miaka mitatu ya kuuliza, na penye udanganyifu haina kikomo.

Majimbo machache hayakufuata njia hiyo. California, New York, Pennsylvania na Alabama bado yana nafasi ya gharama za mwajiriwa kwenye kodi ya jimbo, kila moja kwa masharti yake. Mnaoishi huko msitupe risiti. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo kwako, dada, hilo halipo.

Lakini mwenye W-2 asikunje uso haraka. Kabla ya kuuliza kodi, aulize kwa nini ananunua vifaa hivyo mwenyewe. Kanuni za OSHA, idara ya usalama kazini, zinamtaka mwajiri alipie vifaa vingi vya kujikinga ambavyo kazi inavilazimisha, na kofia ya kuchomelea na glavu za kuchomelea vimo. Buti za kawaida zenye chuma mbele ambazo unaweza kuvaa hata nje ya kazi mwajiri halazimiki kuzilipia, wala miwani ya kinga yenye nguvu ya macho yako. Kwa mengine, akikuambia ujitegemee, anakuhamishia mzigo wake. Pia mwajiri anaweza kuweka utaratibu wa kukurudishia gharama kwa risiti: unanunua, unampelekea risiti, anakulipa, na pesa hiyo haihesabiwi kama mshahara. Dola 300 zinazorudi kwa njia hiyo ni 300 kamili. Ni bora kuliko punguzo lolote. Wengi wetu tunaona haya kuomba jambo kama hilo, tukihofia kuonekana wasumbufu, wakati Wamarekani wa benchi la pili walishaliomba zamani.

Kisha kuna ovataimu. Hili ni jipya na ni la waajiriwa hasa, na wachomeleaji ni watu wa ovataimu. Kwa miaka ya 2025 hadi 2028, unaweza kupunguza ile sehemu ya ziada ya malipo ya ovataimu: hadi dola 12,500 kwa mtu mmoja, hadi 25,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja. Kwenye makundi ya WhatsApp wameliita “ovataimu haina kodi”, na hapo ndipo kosa linapoanza. Kinachopunguzwa si malipo yote ya ovataimu. Ni ile nusu ya juu tu. Fundi anayelipwa dola 28 kwa saa hupata 42 kwa saa ya ovataimu. Kinachohesabika ni zile 14 zilizoongezeka. Akifanya saa 500 za ovataimu kwa mwaka, punguzo lake ni dola 7,000. Kwa familia iliyo kwenye ngazi ya asilimia 12 hiyo ni dola 840 za kodi. Makato ya Social Security na Medicare yanabaki pale pale.

Masharti yake: uwe na namba ya Social Security inayokuruhusu kufanya kazi, na kama umeoa au umeolewa mfaili pamoja. Faida huanza kupungua kipato kikivuka dola 150,000 kwa mmoja, au 300,000 kwa wawili. Huhitaji kuorodhesha mapunguzo. Unachukua punguzo la kawaida, ambalo kwa 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa na 31,500 kwa wanandoa, kisha hili linaongezwa juu yake kwenye fomu iitwayo Schedule 1-A. Kwa mwaka 2025 mwajiri hakulazimika kuliandika kivyake kwenye W-2, kwa hiyo huenda ukalazimika kulipigia hesabu kutoka kwenye stakabadhi zako za mshahara. Zitafute. Stakabadhi ya mwisho ya Desemba mara nyingi ina jumla ya mwaka mzima.

Shemeji mwenye 1099

Sasa tuje kwa shemeji yetu. Zile dola 40 hazikuwa 40. Mwajiriwa hulipa asilimia 7.65 ya mshahara kwa Social Security na Medicare, na mwajiri hulipa nyingine kama hiyo kimya kimya. Mwenye 1099 hulipa pande zote mbili, asilimia 15.3, inayotozwa kwenye asilimia 92.35 ya faida yake. Hiyo ni kabla ya kodi ya mapato. Ndiyo sababu deni limewashtua. Mjazaji wenu hakukosea kusema deni lipo.

Angalieni neno nililotumia: faida. Kodi ya mfanyabiashara haitozwi kwenye kile alicholipwa, inatozwa kwenye kinachobaki baada ya gharama za kawaida na za lazima za kazi yake. Gharama hizo huandikwa kwenye Schedule C, na huko ndiko mapunguzo ya mchomeleaji yanakoishi. Vijiti na waya wa kuchomelea, gesi ya argoni na oksijeni na kodi ya mitungi yake, mawe ya grainda, klampu, brashi za waya, nyaya, mafuta ya jenereta. Kofia na vioo vyake, glavu, koti la ngozi, buti za chuma mbele, vizuia masikio. Nguo hukubaliwa ikiwa ni za kujikinga na hazifai kuvaliwa mtaani. Jinzi haikubaliwi, hata kama ina matundu ya cheche kila mahali. IRS inatazama kama nguo ile inaweza kuvaliwa sokoni, haijali kama wewe ungeona aibu kuivaa.

Bima ya biashara, leseni, ada ya chama, simu kwa ile sehemu inayotumika kazini, malipo ya mtu anayekujazia Schedule C, yote yamo. Mtihani wa kuhuisha cheti chako, au wa kuongeza aina nyingine ya mshono kwenye ufundi ulio nao tayari, umo. Lakini ada ya shule iliyokufanya uwe mchomeleaji kwa mara ya kwanza haimo, kwa sababu hiyo ilikuandaa kwa kazi mpya. Wanafunzi wetu mlioko vyuoni msikate tamaa: kuna nafuu nyingine, Lifetime Learning Credit, asilimia 20 ya ada hadi dola 2,000 kwa mwaka kwa kila ritani, nayo inakata kodi yenyewe, si kipato. Chuo kiwe kinatambuliwa kwa mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu, na kipato kisizidi kiwango.

Mashine ni habari ya raha. Mashine ya kuchomelea yenye injini, ya kubebwa nyuma ya pikapu, hugharimu maelfu ya dola. Kanuni ya zamani ni kugawa gharama hiyo kwa miaka kadhaa kama uchakavu, lakini zipo njia za kuiondoa yote mwaka ule ule ulioianza kuitumia kazini. Ila wengi wetu tuna tabia ya kumtumia ndugu wa Mwanza au Bukavu mashine baada ya mwaka mmoja. Ukishaiondoa yote kwenye kodi kisha ukaitoa nje ya biashara kabla ya muda wake kwisha, sehemu ya punguzo inaweza kurudi kama kipato. Mwambie anayekujazia kabla kontena halijafungwa.

Gari ndipo penye pesa nyingi na matatizo mengi. Kwa 2025, kila maili ya kazi ilihesabiwa senti 70. Ukichagua njia hiyo, humo ndani mna petroli, matairi, bima ya gari na uchakavu. Huwezi kuziandika tena pembeni. Na maili ya kazi si kila maili unayoendesha ukielekea kwenye moto. Kutoka nyumbani kwenda karakana ile ile kila asubuhi ni safari ya binafsi, hata ukibeba tani ya vyuma nyuma. Kutoka karakana kwenda kwa mteja ni kazi. Kutoka nyumbani kwenda kwenye eneo la muda ni kazi, kama una mahali pako pa kudumu pa kazi kwingine, au kama ofisi halisi ya biashara yako iko nyumbani. Ofisi au karakana ya nyumbani nayo ina sharti gumu: sehemu hiyo itumike kwa biashara tu, na mara kwa mara. Gereji yenye meza ya kuchomelea upande mmoja na baiskeli za watoto upande mwingine haihesabiki yote.

Wale mnaosafiri kwenda kwenye viwanda vya mafuta vikifungwa kwa matengenezo, Louisiana na kwingineko, mnaweza kupunguza malazi na nusu ya gharama ya chakula, ikiwa kazi inatarajiwa kutozidi mwaka mmoja, na ikiwa mna makao halisi mnayoendelea kuyalipia. Mtu aliyeacha nyumba, akaweka masanduku kwa binamu, akaishi motelini kutoka mji hadi mji, IRS humwona kwamba nyumba yake ni pale anapolala leo. Hana gharama za safari. Nimeona vijana wengi wasio na familia wakishangazwa na hili.

Tuchukue mfano. Fundi asiye na ndoa, mwenye 1099 za dola 60,000. Aliendesha maili 9,000 za kazi zilizoandikwa: dola 6,300. Vijiti, gesi na mawe: 2,900. Vifaa vya kujikinga: 700. Bima ya biashara: 1,600. Mashine: 5,200. Cheti na ada ndogondogo: 300. Jumla 17,000, faida inabaki 43,000. Kodi ya kujiajiri inakuwa kama dola 6,076. Nusu ya hiyo inapunguzwa kwenye kipato, kisha punguzo la kawaida la 15,750, kisha lile punguzo la hadi asilimia 20 ya mapato ya biashara ambalo watu wengi hawalijui kabisa, ingawa halihitaji risiti yoyote. Kodi ya mapato inabaki kama dola 2,090. Jumla yote ni karibu 8,160. Kama asingeandika gharama yoyote angelipa kama 12,080. Tofauti ni zaidi ya dola 3,900, za haki, bila kudanganya hata maili moja.

Dada, rudi sasa kwenye zile maili 30,000. Kwa wiki 50 hiyo ni maili 600 kwa wiki, 100 kila siku kwa siku sita. Houston ni pana, lakini mkaguzi hatabishana nawe kuhusu upana wa mji. Ataomba daftari la safari: tarehe, mahali, sababu, maili. Kisha ataomba risiti za kubadilisha oili, kwa sababu fundi wa gari huandika namba ya maili kwenye risiti kila mara. Risiti ya Januari ikisema 81,000 na ya Desemba 93,000, mazungumzo yamekwisha. Adhabu ya kawaida ni asilimia 20 ya kodi iliyopungua, na ikithibitika kuwa ni ulaghai ni asilimia 75, pamoja na riba. Anayedaiwa ni aliyetia sahihi, yaani nyinyi wawili. Mjazaji atakuwa amehama duka. Mwangalieni pia huyo bwana: kila anayelipwa kujaza fomu lazima atie sahihi yake na namba yake ya PTIN. Akikuambia “andika kwamba umejaza mwenyewe”, chukua karatasi zako uondoke.

Na kuna uraia. Fomu ya N-400 inauliza kama unadaiwa kodi iliyopita muda wake. Deni lenye mpango wa malipo ulioandikishwa IRS, na risiti za kuonyesha unalipa, linaelezeka. Ritani ya uongo ni swali la tabia, na hapo maelezo huwa magumu. Kama muda wa kulipa unawabana, mpango wa malipo huombwa mtandaoni. Ni jambo la kawaida, na halina aibu.

Je, ni mkandarasi kweli?

Kuna mstari mmoja kwenye barua yako niliousoma mara mbili. Unasema mumeo huingia saa kumi na mbili asubuhi kila siku, anatumia mashine za bosi, bosi ndiye anayepanga kila mshono, na haruhusiwi kuchukua kazi nyingine. Dada, mtu huyo hafanani na mfanyabiashara. Anafanana na mwajiriwa aliyepewa karatasi isiyo yake. IRS haitazami mlichokubaliana kwa mdomo, wala hata mkataba peke yake. Inatazama nani anatawala kazi, nani ana vifaa, nani anaweza kupata hasara, na uhusiano wenyewe ukoje.

Jambo hili ni kubwa kuliko buti na maili zote. Kama kweli ni mwajiriwa, anaweza kupeleka fomu SS-8 kuiomba IRS iamue, na kuambatisha fomu 8919 kwenye ritani ili alipe ile asilimia 7.65 yake tu badala ya 15.3. Kwa malipo ya dola 60,000 tofauti inakaribia dola 3,900, kiasi kile kile ambacho fundi wetu wa mfano alikipata kwa gharama zake zote. Kwa upande mwingine, mwajiriwa hana Schedule C, kwa hiyo gharama chache alizolipa mwenyewe hazitapunguzwa. Kwa anayetumia mashine za bosi, gharama hizo kwa kawaida ni ndogo. Tena mwajiriwa ana haki ya ovataimu baada ya saa 40 kwa wiki, na nafasi ya mafao akiachishwa kazi. Fundi anayeungua macho au kuangukiwa na boriti akiwa na 1099 hugundua mapema kwamba yuko peke yake.

Nisiwafiche upande wa pili: IRS itamwandikia huyo bosi kumuuliza, na atajua nani amelalamika. Uamuzi huchukua miezi. Sheria inakataza kulipiza kisasi kwa anayedai haki zake za mishahara, lakini bosi mdogo mwenye hasira hasomi sheria kwanza. Wapo wanaongoja wapate kazi nyingine ndipo waipeleke, na kwa kuwa ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka mitatu, kungoja kidogo hakupotezi haki. Hilo ni la kuamua wewe na mumeo mezani.

Swali la mwisho kwenye barua yako huja kila mwaka: je, kile tunachomtumia mama kinapunguza kodi? Hapana. Zawadi kwa ndugu si punguzo, hata ikiwa ndiyo inayomlisha. Na mama hawezi kuandikwa kama mtegemezi akiwa Kigoma, kwa sababu mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Vivyo hivyo kwa watoto wa ndugu mnaowasomesha. Sheria iliyowaona Wameksiko haikutuona sisi. Nalisema tu, kubadilisha siwezi.

Cha kufanya wiki hii: kusanyeni risiti, taarifa za benki za mwaka mzima na stakabadhi zozote za matengenezo ya gari. Risiti za karatasi laini hufifia, zipigeni picha. Maili zinaweza kujengwa upya kutoka kwenye kalenda, ujumbe wa simu na ankara za wateja, mradi ziwe za kweli. Kazi za fedha taslimu za mageti ya majirani nazo ziandikwe, hata bila 1099. Kisha tafuteni mtu mwingine. Vituo vya VITA hujaza fomu bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, ila ritani yenye uchakavu wa mashine kwa kawaida huwa nje ya kazi yao. Mkifika huko, tafuteni wakala aliyeidhinishwa na IRS, na mwulizeni wazi kuhusu SS-8.

Mwisho wa kufaili kodi ya 2025 ni Aprili 15, 2026. Mnaweza kuomba nyongeza hadi Oktoba 15, lakini ni nyongeza ya kufaili, si ya kulipa. Na kama shemeji ataendelea na 1099, mwaka huu atenge robo ya kila malipo kwenye akaunti ya pembeni na kuilipa kwa awamu nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, 2027. Mtaona kwamba awamu ya kwanza inaangukia siku ile ile ya deni la mwaka jana, kwa hiyo siku hiyo andaeni malipo mawili.

Mwezi ujao: wanafunzi wenye viza ya F-1 na fomu ya 1040-NR.